Funga Lango, Tadhg

Ukiipiga, usiimalize.
Ndilo la kwanza alilonifunza shangazi Eibhlín,
kidevu changu juu ya fidla yenye harufu ya ulimbo,
mvua ya Kerry ikihesabu vigae.
Irudishe mwanzoni, izunguke tena,
na ukichoka, inua upinde tu, uiache inaning'inia
kama shati ambalo mwenyewe amesahau kulianua.

Lahani hii huitwa Funga Lango, Tadhg.
Tamka Taigi. Herufi zetu nyingi ni mashahidi:
huletwa mahakamani, haziitwi kusema.

Kitabuni imeandikwa:
ngoma ya kuchezwa kwa visigino,
imepokewa kwa Gobnait Ní Chróinín, mjane,
Cnoc na Lon, Februari 1911.
Maelezo: huenda yahusu mchungaji mzembe.

Mchungaji mzembe!

Bwana Tuthill alikuja kwa baiskeli kutoka stesheni,
mashine yake ya mitungi ya nta ameiviringisha blanketi
kama mtoto mwenye surua.
Kiayalandi alikijua, cha vitabuni,
akikitembelea kwa tahadhari, kama mtu na viatu vya kuazima.
Gobnait akampa chai, akampa mkate,
akageuza mboji motoni, akatoa fidla ya marehemu mumewe,
kigingi kimoja ni mpini wa kijiko.
Akapiga. Sindano ikachimba nta.
Nta ikaisha; yeye hajaisha.

"Inaitwaje?" akauliza mgeni, kalamu tayari.
Upepo ukabamiza lango uani.
Na Gobnait, macho dirishani, si kwake, akasema:
*Dún an geata, a Thaidhg.*
Akaandika. Akashukuru sana.

Nyumbani mle hapakuwa na Tadhg.
Palikuwa na kuku wanne na kiti kisichokaliwa.

Tadhg alikuwa mwanawe, wa kwanza na wa mwisho,
yule mtoto asiyejua kwamba lango lina pande mbili za kazi.
Mara mia kwa siku mama alipaza sauti: lango, Tadhg!
hata majirani wakalijua jina lake kwa mkia huo.
Aprili ya 1885 akatoka, ana miaka kumi na tisa,
mkate kwapani, meli inamngoja Cóbh, mbele ni Boston.
Akaliacha wazi, kama kawaida.
Siku hiyo mama hakupaza sauti.

Miaka ishirini na sita halikufungwa.
Kondoo wa watu walikula kabichi zake.
Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka,
kisha wakaanza kuzunguka ukutani wasiliguse.
Ilikuja barua moja, yenye dola tano. Dola hizo zipo.

Sasa, shangazi husema: alisikia lango, akadhani ni mguu.
Mama yangu, ambaye hapendi hadithi, husema: uzee.
Mimi nimeipiga miaka arobaini, arusini, matangani,
mara moja jikoni peke yangu, sinki imejaa vyombo,
na nadhani aliulizwa swali, akalijibu.
Aliitunga usiku ule wa Aprili.
Hakuna aliyewahi kumwuliza jina lake.

Bwana Tuthill aliondoka jioni akiikokota baiskeli,
na kwa kuwa alilelewa vizuri
akalifunga lango nyuma yake.
Halikukaa. Akaokota kipande cha waya,
akalifunga imara, akapunga mkono.

Alfajiri mama wa bibi yangu, akienda kukamua,
alimkuta Gobnait langoni na gauni la kulalia,
baridi imeganda nyasini,
anafungua waya ule kwa meno.

Ninao.
Ndio unaoshikilia nyuzi zangu kwa nyuma, hapa, chini ya kidevu.
Kukiwa na unyevu hulegea,
nami hulazimika kusimama katikati ya ngoma
nikaukaze, wachezaji wakiningoja mguu mmoja hewani.